Usiku wa Kuhesabu Kura: Nambari Zikisogea, Tuulize Nini?

Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo, watoto wakiwa darasani na sisi wakubwa tukiwa jikoni na chai yetu na mandazi, kulizuka mabishano. Mama mmoja wa Tanga alisema, "Yule bwana kaongoza kura za maoni, basi ndiye atakayegombea." Baba mmoja wa Kakamega akamjibu, "Mama, kuongoza kura za maoni si kitu. Hao huwapigia simu watu mia sita tu." Mama akashangaa. "Simu gani tena? Watu wamepanga foleni wakapiga kura!" Walibishana mpaka chai ikapoa, kumbe kila mmoja alikuwa sahihi kwa Kiswahili cha kwao.

Katikati ya kelele hizo aliingia kijana wetu mmoja wa miaka kumi na sita kuchukua andazi. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, kila uchaguzi hapa mnasema wameiba. Sasa mimi nikifika miaka kumi na minane nitapiga kura ya nini?" Hakuna aliyemjibu. Hata mimi niliangalia kikombe changu.

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako wewe mzazi ambaye hukesha na simu mkononi usiku wa matokeo. Mimi si mtaalamu wa siasa. Ni muuguzi, na kazi yangu imenifundisha jinsi ya kusoma nambari bila kupoteza kichwa. Sitakuambia umpende nani. Nitakuambia tu nambari zile hutoka wapi, na kwa nini hubadilika.

Kwanza tuelewane kwa maneno

Tanzania, wanachama wa chama wanapowapigia kura watu wanaotaka kugombea kupitia chama hicho, zoezi hilo huitwa kura za maoni. Kenya, kura za maoni ni zile za watafiti wanaouliza watu mia kadhaa watampigia nani. Na nchi zote mbili husema kura ya maoni pale wananchi wote wanapoulizwa ndiyo au hapana kuhusu jambo kama katiba, kama ilivyokuwa Kenya mwaka 2010. Ndiyo maana mama wa Tanga na baba wa Kakamega hawakusikizana.

Katika makala haya nitatumia maneno mawili tu. Mchujo ni uchaguzi wa kumpata mgombea. Utafiti wa maoni ni kuuliza watu wachache ili kukisia wengi watafanya nini. Mchujo ni kura halisi, mtu ameweka alama kwenye karatasi. Utafiti ni maswali tu.

Hapa Marekani mchujo si jambo la ofisi ya chama peke yake. Mara nyingi huendeshwa na serikali ya jimbo, kwenye vituo vilevile vya uchaguzi mkuu, na wapiga kura wa kawaida ndio huamua. Hapa kwetu Minnesota mchujo wa jimbo huwa Jumanne ya pili ya Agosti, na vituo hufungwa saa mbili usiku. Huandikishwi kuwa wa chama fulani. Karatasi ina safu ya kila chama, nawe unachagua safu moja. Ukichanganya, huku mmoja na kule mwingine, kura yako ya sehemu ile ya vyama haihesabiwi. Wengi wetu tumefanya kosa hilo bila kujua.

Na usidhani mchujo ni jambo dogo. Pale ambapo chama kimoja kina nguvu sana, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Chukua wilaya ya tano ya bunge la Marekani, yaani Minneapolis na vitongoji vyake. Mbunge wake, Ilhan Omar, alizaliwa Mogadishu na akaishi miaka minne kambini Kenya kabla ya kuja Marekani. Mwezi Agosti 2022 alimshinda Don Samuels kwenye mchujo kwa kura zisizofika 2,500, kati ya zaidi ya laki moja zilizopigwa. Novemba hakuwa na kazi kubwa. Pambano lilikuwa Agosti, wakati wengi wetu tulikuwa likizoni.

Kwa nini mioyo yetu hudunda

Kuna jambo ambalo majirani zetu wa hapa hawalijui. Wao wakiona nambari inasogea kwenye televisheni usiku, huenda kulala. Sisi tunakumbuka.

Mwaka 2007 nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja ya Bonde la Ufa. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Kwenye meza ya wauguzi tulikuwa na redio ndogo, na kwa siku tatu tulisikiliza nambari huku tukifunga vidonda na kupima presha. Mgombea mmoja alikuwa mbele kwa mbali, kisha pengo likaanza kupungua, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Tarehe 30 jioni mshindi akatangazwa. Usiku huohuo tulianza kupokea majeruhi. Kufikia mwisho wa ghasia zile zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa na takriban laki sita wamehama makwao. Baadaye tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilichunguza ikasema hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kweli.

Kwa hiyo simcheki mtu anayeshtuka. Hofu yake ina historia. Lakini kazini nimejifunza kwamba moyo kwenda mbio ni dalili tu. Unaweza kuwa ugonjwa wa moyo, unaweza kuwa homa, unaweza kuwa ngazi alizopanda mgonjwa sasa hivi. Kabla ya kutaja ugonjwa, tunapima. Pengo linaloshuka usiku nalo ni dalili. Linaweza kuwa wizi, na linaweza kuwa bahasha za posta zimefunguliwa. Tunahitaji njia ya kutofautisha.

Utafiti wa maoni ni chupa ndogo ya damu

Tukitaka kujua wingi wa damu yako hospitalini hatukutoi damu yote. Chupa ndogo inatosha, kwa sababu damu imechanganyika mwilini. Watafiti hufanya hivyo. Huuliza watu 400, 600 au 1,000, wakitumaini kwamba wamewachanganya vizuri wazee na vijana, wa mjini na wa shamba.

Lakini kila muuguzi anajua jambo hili: usichukue damu kwenye mkono wenye dripu, juu ya pale dripu inapoingilia. Ukifanya hivyo, maabara itasoma maji ya dripu. Dripu ikiwa ya sukari, mgonjwa asiye na kisukari ataonekana anacho. Damu ni yake, kipimo hakijakosea kusoma, ila mahali ulipochota hapawakilishi mwili mzima. Utafiti wa maoni ukiwapata zaidi wazee wanaopokea simu, au watu wanaopenda kujibu maswali mtandaoni, umechota kwenye mkono wenye dripu.

Kila utafiti huja na kiwango cha makosa. Ukiulizwa watu 1,000, kiwango hicho ni kama pointi 3 juu au chini. Watu 600, kama pointi 4. Watu 400, kama pointi 5. Na sikiliza vizuri hapa, maana hata watangazaji husahau: makosa hayo ni ya nambari ya kila mgombea, si ya pengo kati yao. Mmoja akiwa na 46 na mwenzake 42 katika utafiti wa watu 600, wa kwanza anaweza kuwa kweli na 42 na wa pili 46. Pengo la pointi nne hapo halina maana kubwa. Ni kama vipimo viwili vya presha vilivyopishana kidogo. Hatumwiti daktari kwa hilo.

Utafiti wa mchujo ni mgumu kuliko wa uchaguzi mkuu, na sababu ni tatu. Kwanza, wapigaji ni wachache, kwa hiyo mtafiti lazima akisie nani atatoka nyumbani. Pili, wagombea wote ni wa chama kimoja, hivyo mtu hana bendera ya kushika na anaweza kubadili nia bila kujiona msaliti. Tatu, wengi huamua siku za mwisho, watafiti wakiwa wameshafunga madaftari yao.

Mifano ipo mingi. Januari 2008, katika jimbo la New Hampshire, tafiti za mwisho zilimweka Barack Obama mbele ya Hillary Clinton kwa takriban pointi 8. Wengi wetu tuliokuwa na jamaa magharibi mwa Kenya tulishaanza kusherehekea. Kura zilipohesabiwa, Clinton alishinda kwa pointi karibu 3. Machi 2016 huko Michigan, tafiti zilimpa Clinton uongozi wa takriban pointi 20 juu ya Bernie Sanders. Sanders akashinda kwa pointi moja na nusu hivi. Hakuna aliyeiba kura mara hizo mbili. Aliyekosea ni aliyechota sampuli.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tafiti zote zilisema atashinda, ameshindwaje?", mwambie utafiti si ahadi. Na ukitaka kuufuata, angalia tafiti kadhaa pamoja, siku zilizofanywa, waliulizwa watu wangapi, na wangapi walijibu "sijaamua." Wasioamua wakiwa wengi kuliko pengo, mchezo haujaisha.

Matokeo huja kwa vipande

Sasa tuje usiku wenyewe. Vituo vimefungwa. Dakika chache baadaye unaona kwenye simu: fulani 58, fulani 42. Moyo unaruka. Umeshasahau swali la msingi: hizi ni kura zipi?

Matokeo ya kwanza hayachanganyiki kama damu. Ni rundo lililokuwa karibu. Katika majimbo mengine ni kura za mapema, zilizokwisha kufika. Kwingine ni vijiji vidogo vyenye watu mia mbili, ambavyo humaliza kuhesabu haraka, huku mji mkubwa ukiwa bado unafungua masanduku. Waliopiga kura mapema si lazima wafanane na waliopiga siku yenyewe, na wa kijijini si lazima wafanane na wa mjini. Mkono wenye dripu tena.

Mfano mzuri kuliko yote ni mchujo wa meya wa Los Angeles, tarehe 7 Juni 2022. Waliolala usiku ule waliacha tajiri Rick Caruso akiwa na asilimia 42 na Karen Bass akiwa na 37. Lakini California hutuma karatasi za kura kwa posta kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa, na bahasha iliyopigwa muhuri wa posta kufikia siku ya uchaguzi hupokelewa hata ikifika siku kadhaa baadaye. Kila bahasha lazima sahihi yake ilinganishwe na iliyoko kwenye kumbukumbu kabla ya kufunguliwa. Kazi hiyo haiishi usiku mmoja. Siku zikapita, marundo yakaongezwa, na kura zilizochelewa zikamwegemea Bass. Mwisho wa hesabu Bass alikuwa na 43 na Caruso 36. Mtu aliyekuwa nyuma kwa pointi tano alimaliza mbele kwa saba.

Ungekuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, nani angekosa kuandika "wameiba"? Ila sheria ilijulikana kabla, bahasha zilijulikana ziko wapi, na kaunti ilikuwa ikitangaza kila mara ni takriban kura ngapi zimebaki. Huo ndio mpaka wa kuangalia. Nambari kusogea si kosa. Kosa ni nambari kusogea bila mtu kuweza kueleza zimetoka rundo gani.

Na hili si la Marekani tu. Agosti 2022 Kenya, tume ya uchaguzi ilipakia kwenye mtandao fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha vyenyewe. Mnakumbuka ilivyokuwa: saa ileile, chaneli moja inasema Raila anaongoza, nyingine inasema Ruto. Jamaa zetu walipiga simu kutoka nyumbani wakiuliza sisi tulio ng'ambo tunaona nini, kana kwamba huku tuna jicho lingine! Fomu zilikuwa zilezile. Kila chaneli ilianza na fomu tofauti, moja za huku, nyingine za kule, kwa hiyo jumla za njiani zikatofautiana. Zilipokaribia kwisha, zikaanza kufanana.

Jihadhari pia na neno "asilimia 95 ya vituo imeripoti." Halimaanishi asilimia 95 ya kura. Kituo kinaweza kuripoti zilizopigwa pale siku ile, na za posta za eneo hilo zikaja baadaye. Tena kituo kikubwa na kituo kidogo vyote huhesabiwa kama kimoja.

Hesabu ya mezani

Hii waachie watoto. Chukueni karatasi.

Tuseme kaunti moja ina kura 100,000. Zimehesabiwa 60,000. Bi A ana 33,000, Bwana B ana 27,000. Bi A anaongoza kwa 6,000. Je, ameshinda?

Zimebaki 40,000. Ili kumfikia, Bwana B anahitaji 23,000 kati ya hizo, yaani asilimia 57 na nusu. Sasa uliza zimebaki wapi. Kama zimebaki mahali ambapo wote wawili wako nusu kwa nusu, Bwana B hafiki. Kama zimebaki mjini ambako Bwana B amekuwa akipata 65 kati ya kila 100, atapata 26,000 na Bi A 14,000. Mwisho Bwana B atakuwa na 53,000 na Bi A 47,000. Aliyekuwa nyuma saa tatu usiku ameshinda asubuhi, na hakuna karatasi iliyoguswa isivyo halali.

Hivyo ndivyo wanavyofikiri wale wanaotangaza washindi. Hawaangalii aliye mbele. Wanauliza: aliye nyuma ana njia yoyote ya kufika? Njia ikiisha, wanatangaza, hata kama kura nyingi hazijahesabiwa. Njia ikiwapo, wanangoja, hata kama zimebaki chache.

Nani hutangaza?

Hapa pia tunachanganyikiwa, kwa sababu tumezoea tume moja na mwenyekiti mmoja mbele ya kamera. Marekani haina mtu huyo. Kura huhesabiwa na kaunti au miji, jimbo hukusanya, na baada ya siku au wiki matokeo huhakikiwa na kuidhinishwa rasmi. Nambari za usiku ule wote si rasmi.

Usiku ule watu wengi husubiri shirika la habari la Associated Press, ambalo limekuwa likihesabu kura za urais tangu 1848. Huwa na watu katika kaunti wanaokusanya matokeo na kuyatuma. Likisema fulani ameshinda, hiyo ni habari iliyochunguzwa vizuri, lakini si cheti. Cheti hutoka kwa serikali ya jimbo.

Na wakati mwingine hakuna wa kutangaza. Tarehe 3 Februari 2020, chama cha Democratic huko Iowa kilifanya mikutano yake ya kuchagua mgombea urais. Programu ya simu ya kutuma matokeo ilishindwa kazi, laini za simu zikajaa, na usiku ukaisha bila nambari hata moja. Siku ya pili jioni ndipo zikaanza kutoka kidogo kidogo. Pete Buttigieg na Bernie Sanders wote wakadai ushindi. Associated Press ilikataa kumtangaza yeyote. Ilikuwa aibu kubwa. Lakini kulikuwa na karatasi kila mahali zilizoandikwa na kutiwa sahihi na watu wa pale, na karatasi hizo ndizo zilizorudiwa. Mashine ikifa, tunarudi kwenye faili la mgonjwa.

Mtoto wa Kampala

Nimalizie mifano kwa ule ambao watoto wetu waliufuata wenyewe, maana uliwagusa. Tarehe 24 Juni 2025 ulikuwa mchujo wa chama cha Democratic wa umeya wa New York. Mmoja wa wagombea, Zohran Mamdani, alizaliwa Kampala mwaka 1991. Mwingine alikuwa Andrew Cuomo, gavana wa zamani, ambaye jina lake lilijulikana kila nyumba.

Tafiti nyingi zilimweka Cuomo mbele. Mmoja wa mwisho kabisa, wa Emerson, ndio ulioonyesha Mamdani akimpita katika duru za mwisho. New York, mpiga kura hupanga wagombea hadi watano kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa tano. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huenda kwa chaguo linalofuata la mpiga kura.

Vituo vilipofungwa saa tatu usiku, kura za mapema zilitoka kwanza, na Mamdani alikuwa mbele. Swali letu lilikuwa lilelile: kura za siku yenyewe zitamrudisha Cuomo? Zilipoingia, hazikumrudisha. Katika chaguo la kwanza Mamdani alikuwa na takriban asilimia 43 na Cuomo 36, na Cuomo akakubali kushindwa usiku uleule. Lakini rasmi ilikuwa bado. Mpaka tarehe 1 Julai, duru zilipochakatwa, ndipo ikaonekana 56 kwa 44. Novemba mwaka huo akashinda uchaguzi mkuu.

Usiku mmoja ulikuwa na kila kitu: tafiti zilizokosea, utafiti mmoja uliogusa ukweli, kura za mapema, mshindi wa usiku na mshindi wa karatasi. Ndiyo maana nimeutumia darasani mara mbili.

Maswali ya kubandika kwenye friji

1. Hii ni kura halisi au ni utafiti wa maoni?
2. Kama ni utafiti: waliulizwa wangapi, lini, na wasioamua ni wangapi?
3. Kama ni kura: ni rundo gani limehesabiwa, la posta, la mapema, la kijijini au la mjini?
4. Zimebaki ngapi, na ziko wapi?
5. Anayesema ameshinda ni nani: mgombea mwenyewe, shirika la habari, au serikali ya jimbo?
6. Je, kuna karatasi ambayo mtu anaweza kurudi kuiangalia?

Swali la sita ndilo kubwa kuliko yote. Usiku ule wa 2007 ndilo lililokosa jibu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, fomu na jinsi zilivyotumwa ndizo zilizokuwa mezani. Mwaka 2022 kila Mkenya mwenye simu aliweza kufungua fomu ya kituo cha kijijini kwao. Mashaka yenye swali ni afya. Mashaka yasiyotaka jibu huwafundisha watoto kwamba kura ni bure.

Jambo moja la tahadhari. Ikiwa bado hujawa raia wa Marekani, hata kama una kadi ya kijani, usijiandikishe wala usipige kura kwenye uchaguzi wa jimbo au wa taifa. Inaweza kukuharibia makaratasi yako yote. Kufuatilia matokeo na kuwafundisha watoto hakukatazwi.

Sasa nirudi kwa kijana wetu wa andazi. Sikumjibu siku ile, ila nilimpa karatasi ya maombi. Minnesota huruhusu vijana raia wa miaka 16 na 17 kufanya kazi vituoni kama wasimamizi wanafunzi. Pia wanaweza kujiandikisha mapema, ili wakifika 18 wawe tayari kwenye daftari. Alichukuliwa. Siku ya kura alikaa tangu asubuhi, akiwaelekeza watu foleni na kuwagawia vibandiko. Usiku, milango ilipofungwa, aliona mashine ikitoa karatasi ndefu kama risiti ya dukani yenye kura za kila mgombea, na wasimamizi wakaitia sahihi mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi iliyofuata alikuja jikoni tena. Baba wa Kakamega alikuwa ameshaanza, "Hizi nambari za juzi, mimi sina imani nazo." Kijana akamwuliza kwa adabu, "Za kituo gani, baba? Cha kwetu niliziona zikitoka."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akamsogezea sahani ya mandazi.

Kazi ya nyumbani kwa familia: Fanyeni hesabu ya Bi A na Bwana B, kisha badilisheni nambari. Kura zikibaki 20,000 badala ya 40,000, na pengo likawa lilelile la 6,000, Bwana B anahitaji asilimia ngapi? Jibu mlete Jumamosi.

Msamiati wa wiki: *mchujo*, uchaguzi wa kumpata mgombea, *utafiti wa maoni*, kuuliza wachache ili kukisia wengi, *sampuli*, sehemu ndogo ya kupima kitu kizima, *pengo*, tofauti kati ya aliye mbele na anayemfuata, *kuidhinisha*, kukubali rasmi, *kukubali kushindwa*, jambo gumu kuliko yote, na zuri kulifundisha mapema.